Nina maumivu ya neva, niliomba kukaa kwenye foleni ya bembea hapa Kindu, wakataka niwaonyeshe kovu

Wakuu, nawasalimu wote, wa bara na wa pwani.

Haya ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Jina la wenye bembea sitalitaja maana sitaki kesi. Na nikipayuka mahali mnivumilie, hasira bado iko kooni.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mzaliwa wa Kindu, Maniema, huku Congo. Kiswahili chetu kina ladha yake, kwa hiyo wale walimu wa sarufi wa humu ndani leo wapumzike kidogo.

Kwanza lazima niwaeleze huu mguu, la sivyo hamtaelewa kitu.

Wakati wa vita nilikuwa msichana, kifua ndiyo kinaanza kuota. Mji ulikuwa na wenye bunduki wake, na pori lilikuwa na wenye bunduki wake. Sisi raia tulikuwa katikati, na njaa yetu. Siku moja asubuhi tulivuka mto na mama kwenda Alunguli kukata sombe, yaani majani ya mhogo, maana nyumbani hakukuwa na kitu cha kupika.

Tuko shambani, milio ikaanza. Mpaka leo sijui nani alikuwa anampiga nani. Nilikimbia nikafikiri nimejikwaa. Nilipoangalia chini nikaona nguo imelowa.

Risasi ilipita kwenye kalio, ikatokea nyuma ya paja. Naandika hivyo hivyo bila haya, maana mahali penyewe ndipo penye habari nzima, mtaona mbele.

Mama alinibeba mgongoni mpaka kwenye mtumbwi. Nikapona. Kidonda kilifunga vizuri kabisa, watu wakasema Mungu mkubwa. Mfupa haukuguswa. Nikatembea, nikakua, nikaolewa, nikazaa.

Lakini mguu haukunyamaza.

Ni kama mtu ameingiza waya wa umeme kwenye nyonga akaushusha mpaka kwenye kidole gumba, halafu anawasha na kuzima anavyotaka. Siku mbaya hata kitenge kikigusa paja nasikia kama nimemwagiwa maji ya moto. Daktari mmoja aliniambia neva iliumia, nyama ikapona, neva ikabaki inapiga kelele. Dawa alizonipa zinapunguza, hazimalizi.

Sasa sikilizeni hili vizuri maana ndilo linalonigombanisha na watu. Kutembea naweza. Nikitembea mguu unachangamka, maumivu yanavumilika. Kinachoniua ni KUSIMAMA MAHALI PAMOJA. Nikisimama bila kusogea, baada ya muda kidogo moto unaanza, halafu mguu unakufa ganzi, halafu naanguka.

Kwa hiyo mtu ananiona natoka sokoni na beseni kichwani, kesho nikimwambia siwezi kusimama kwenye foleni, ananiona mwongo. Nimeitwa mvivu, nimeitwa mwenye maringo. Shemeji yangu mmoja alishawahi kusema mguu wangu unauma kukiwa na kazi tu.

Tuje kwenye bembea.

Karibu na Idi walikuja watu na maroli, wakafunga eneo, wakasimamisha bembea za kila aina. Viti vya kuzunguka, treni ndogo ya watoto, na lile gurudumu kubwa linalokupandisha juu mpaka unaona mto wote. Kindu haijawahi kuona kitu kama hicho. Mji mzima ulihamia pale.

Binti yangu Riziki akawa halali, haongei kingine ila gurudumu. Na sheria yao ni kwamba mtoto hapandi gurudumu bila mzazi au mkubwa wake. Baba yake yuko Punia kwenye machimbo, na barabara ya huko mnaisikia tu. Nikabaki mimi.

Siku ya Idi nikamchukua wifi yangu Salima atusindikize. Yeye hapandi, ana mimba changa, ila ni mtu wa kunichangamsha. Nikabeba na karatasi ya daktari kwenye mkoba, maana nawajua watu.

Tukafika, foleni imezunguka uzio wote, jua linachoma. Pale langoni wameandika kwa rangi nyekundu kubwa kwamba wenye ulemavu, wajawazito na wazee wasaidiwe kwanza. Kuna turubai pembeni, chini yake viti vya plastiki.

Nikashukuru moyoni. Nikasema kumbe ni watu wenye akili.

Salima akatangulia kwa kijana wa langoni, mkubwa tu mwenye ndevu, amevaa kizibao cha njano. Akamwambia, "Niko na mimba, jua iko kali." Yule kijana akatoa kiti palepale. "Ikala hapa, mama."

Wakuu, Salima hana tumbo. Tumbo lake siku hiyo lilikuwa bapa kuliko langu. Hakuna aliyemuuliza karatasi, hakuna aliyeomba kupapasa.

Nikasogea mimi. Nikaongea kwa heshima zote. Nikamwambia nina ugonjwa wa neva kwenye mguu, siwezi kusimama mahali pamoja. Sikuomba kupita mbele ya mtu. Narudia kwa wale wanaosoma haraka haraka: sikuomba kupita mbele. Niliomba nikae chini ya turubai, watu wa mbele na nyuma yangu wajue nafasi yangu, zamu ikifika niitwe.

Akanitazama kuanzia kilemba mpaka viatu.

"Ulemavu yako iko wapi, mama? Naona miguu mbili."

Nikamwambia ulemavu wenyewe uko ndani. Akacheka, akaenda kumwita mkubwa wake.

Huyo mkubwa wanamwita Chef. Mnene kiasi, shati la kunyoosha, simu mbili mkononi. Nikampa karatasi ya daktari. Akaisoma nusu, akanirudishia.

"Hapa wameandika maumivu," akasema. "Maumivu kila muntu iko nayo. Hata mimi mugongo inaniuma."

Nikamweleza kwamba ni risasi ya wakati wa vita.

"Vita ilikwisha zamani, mama."

"Kwa wewe ilikwisha."

Hapo nadhani nilimkera. Akapandisha sauti ili foleni isikie. Akasema kila siku watu wanakuja na hadithi ili wapite wengine, yeye atajua namna gani nani anasema kweli? Kama ni risasi basi kuna kovu. "Utuonyeshe kovu, tukupe kiti. Hiyo njo sheria ya hapa."

Mbele ya watu. Mbele ya mtoto wangu. Mimi mke wa mtu, nimevaa vizuri kwa ajili ya sikukuu, nimwonyeshe mwanaume nisiyemjua kalio langu ili anipe kiti cha plastiki.

Na mjue wapo waliocheka. Mwanamke mmoja mwenye kitenge cha kijani, nyuma yangu kidogo, akasema kwa sauti, "Anajifanya tu. Nilimuona akija, anatembea kama askari."

Nikageuka kutafuta mtu wa kunitetea. Chini ya turubai kulikuwa na mzee anajulikana mjini, Papa Kalonda. Yeye polio ilimchukua miguu yote miwili tangu utotoni, anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono. Nikasema huyu atanielewa. Nikamwita, "Papa, uwaambie."

Akanijibu bila kunitazama. "Mama, sisi tunaonekana. Wewe uko unatembea. Utuachie hii kidogo tuliyopata."

Ya Chef iliniudhi. Hii ya Papa Kalonda ilinikata.

Mtu mwenye akili angerudi nyumbani. Mimi nikarudi kwenye nafasi yangu, na moto ulipoanza kupanda nikakaa chini. Kwenye vumbi, na nguo ya Idi. Foleni ikisogea na mimi najikokota kwa makalio, mikono chini, nasogea. Ikisimama, nimekaa.

Riziki akanishika bega, akawa anaangalia watu mmoja mmoja kama anayewaweka kichwani.

Salima akashindwa kuvumilia. Akanyanyua kiti chake akaniletea. Chef akaja mbio, akakishika mguu wa kiti, akakivuta. "Hii kiti ni ya wajauzito." Wifi yangu naye akavuta upande wake. Watu wazima wawili wanavutana kiti cha plastiki juani, na mmoja ana mimba. Nikamwambia Salima aachie, nikaogopa ataumia.

Chef akasema ninaharibu sura ya mahali, nikitaka kukaa chini niende nikakae nyumbani kwangu. Vijana wake wakanitoa kwenye foleni. Hawakunipiga, nisiwasingizie. Walinishika kwapa, wakanisimamisha nje ya kamba ya foleni kama gunia.

Kwenye pikipiki ya kurudi Riziki hakulia. Akaniuliza kwenye sikio, "Mama, kumbe wewe uko mulemavu ao hapana?"

Miaka yote hii nimekwepa hilo neno. Nilitaka kuonekana mzima. Siku ninapolihitaji, naambiwa nilithibitishe kwa kuvua nguo.

Mchana wa kesho yake nilikwenda kwa Papa Kalonda. Ana kibanda cha kutengeneza simu na redio. Nilienda kugombana, niseme ukweli. Nikamwambia yote bila kupumua, ya Alunguli, ya mama kunibeba, na mahali risasi ilipopita.

Alizima kile chuma cha kuchomelea, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ile maandishi ya mulangoni, unajua nani aliomba?" akaniuliza. Kumbe ni wao, chama chao cha walemavu. Walikwenda kwa Chef kabla bembea hazijaanza, wakarudishwa, wakarudi tena, mpaka wakakubaliwa. Na siku ya kwanza tu vijana wazima wakaja wanachechemea kwa kuigiza ili wapite, wakiingia ndani wanakimbia. "Nilikuwa na hasira nao, nikakupiga wewe nayo."

Nikamwambia hasira yake haikunisaidia kitu.

Akasema, "Iko kweli. Unisamehe, mama." Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza nje ya hospitali: "Kuikala je, haikuumi?" Nikamwambia kukaa naweza ila si kwenye ubao mtupu muda mrefu. Akatikisa kichwa kama fundi anayesikiliza redio mbovu.

Jumapili tukarudi sote. Papa Kalonda, wenzake kadhaa wa magongo na baiskeli, mimi, Riziki na Salima. Kijana wa langoni akawafungulia haraka, karibuni, karibuni. Papa Kalonda akafika katikati ya lango, akafunga breki.

Akasema haingii. Wenzake wakajipanga nyuma yake. Lango likaziba, foleni ikaanza kunung'unika.

Chef akaja na simu zake. Papa Kalonda akamwambia taratibu, kama anaongea na mteja, kwamba huyu mama ni wa kwetu, na akitakiwa kuvua nguo ili akae, basi na sisi wote tutavua hapa langoni, kila mtu aonyeshe ya kwake. Akaanza na vifungo vya shati.

Sikujua nicheke au nilie. Watu wakatoa simu kurekodi. Chef akaona simu zile, sura ikabadilika.

Hakuniomba msamaha. Mpaka leo hajaniomba. Aliwaambia vijana walete mabenchi mawili, wayapange kando ya uzio, foleni ipite hapo. Anayechoka akae, nafasi yake ibaki yake. Akasema ni ili kelele ziishe.

Nilikuwa wa kwanza kukaa, juu ya kitenge nilichokikunja. Sikuketi peke yangu muda mrefu. Akaja babu mmoja anahema. Akaja mama mwenye mtoto mgongoni. Akaja kijana amevaa vizuri, ana afya, akakaa bila kusema anaumwa nini, na hakuna aliyemuuliza.

Halafu akaja yule wa kitenge cha kijani. Alikuwa na watoto wake. Akajishusha polepole, akaanza kujikanda magoti. Akaniona. Akainamisha uso.

Watu wema wangesema neno zuri. Mimi nilisogea kidogo apate nafasi, basi.

Gurudumu tulipanda. Kule juu Riziki alifumba macho mwanzo mpaka mwisho, kazi bure, halafu tuliposhuka akasema turudie.

Nilichojifunza, wakuu. Nilidhani nikieleza vizuri nitaaminiwa. Nikabeba karatasi, nikachagua maneno, nikashusha sauti. Hakuna kilichosaidia. Kilichosaidia ni watu kusimama na mimi, na aibu ya kamera. Hilo linaniudhi kuliko hata ile siku ya vumbi, maana kuna mwenzangu atakwenda mahali peke yake, bila Papa Kalonda, naye ataambiwa avue.

Na wewe unayelinda lango, dirisha la benki, ofisi, popote. Mtu akikuambia hawezi kusimama, mpe mahali pa kukaa. Akiwa mwongo, umepoteza kiti kwa dakika chache. Akiwa mkweli na umemkatalia, mtoto wake amekuona.

Wenye neva, wenye mgongo, wenye maradhi yasiyo na sura, karibuni kwenye komenti. Mliambiwa nini mlipoomba kukaa? Na wale wa "wote tuna maumivu", karibuni pia. Leo nina nafasi ya kuwajibu, nimekaa.