Ukoka kwa Ajili ya Mguu wa Baba

Naomba radhi kwanza kwa mwandiko wangu na kwa makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, na kwetu l na r hupishana mdomoni, kwa hiyo hata kwenye kalamu hupishana. Nimeandika taratibu, ukurasa mmoja kwa siku mbili au tatu, na maneno yenye l nimeyarudia kuyatazama. Penye kosa nisomeeni mnavyoona inafaa. Mbele za watu huwa sisemi, ndiyo maana nimechagua karatasi.

Tunakaa Tunduma, juu kidogo ya barabara ya malori. Nyumbani tuko watatu: baba, mama na mimi. Mama huvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, karibu kila siku kuuza vitunguu na nyanya. Baba alikuwa fundi wa matairi ya malori, mtu wa kunyanyua vyuma, mpaka mwaka juzi alipopigwa na kiharusi upande wa kulia. Mkono ulirudi kidogo. Mguu haukurudi. Akisimama huuburuta kama kitu cha mtu mwingine alichofungiwa.

Kazi yangu ni kukaa naye. Namnawisha uso, napika, nachota maji. Baba huniita mama, kwa sababu nina jina la mama yake, yaani bibi yangu wa Hasamba.

Mwaka jana tulimpeleka baba kwa daktari wa mazoezi. Akamkunja goti, akamkunjua, akaniambia mimi, siyo mama, kwa kuwa mimi ndiye ninayebaki nyumbani: "Atembee kila siku, peku, mahali pa sawa na palaini, hata akianguka asiumie. Akiendelea kukaa, mguu utakakamaa. Ukishakakamaa, msinirudie mimi." Nikaitikia kwa kichwa. Moyoni nilikuwa naliona eneo la nyuma ya nyumba yetu, nikajua hatuna mahali pa hivyo.

Nyuma ya nyumba tuna kipande cha ardhi cha ukubwa wa vyumba viwili. Zamani palikuwa na majani mazuri, wanasema. Tulipohamia tulikuta mabaka mawili matatu ya ukoka uliokauka, na katikati yake vipara vya udongo mwekundu na kokoto. Kwingine kote kulikuwa na magugu: ndago, mbigili na kishona nguo kinachonifika kiunoni. Nilimpitisha baba hapo siku moja baada ya kutoka kwa daktari. Kidole cha mguu mbovu kikanasa kwenye shina la ndago, akaenda chini mzima mzima, na paji la uso likapiga jiwe. Damu ilitoka nyingi. Nilimwinua peke yangu, sijui niliwezaje. Alipokaa kitandani alisema, "Pale nje sitembei tena, mama. Mpaka pafanane na mahali pa watu."

Basi nikaamua kupafanya mahali pa watu.

Pesa ya kununua majani ya vipande, yale yanayouzwa barabarani yakiwa yameshikana na udongo wake, hatukuwa nayo. Nilianza na kile kisichouzwa, yaani mikono. Oktoba yote nilikuwa nang'oa. Kishona nguo hutoka kirahisi. Mbigili hutoka, ila huacha miiba chini, na hiyo niliiokota mmoja mmoja nikiwa nimechuchumaa, kwa sababu ni miguu ya baba itakayopita hapo. Ndago ndiyo iliyoniliza. Ukivuta jani linakatika, chini kinabaki kitunguu chake kidogo cheusi, na baada ya siku tano kimeshachomoza kama hujafanya kitu. Nilichimba kwa kisu cha jikoni mpaka kisu kikabaki nusu.

Jirani yetu ni dereva wa bodaboda. Alikuwa akiegemea ukuta akipiga mswaki, ananitazama.

"Dada, unafungua hoteli?"

Niliendelea kung'oa.

"Au ni uwanja wa mpira? Nisajili basi, mimi nacheza namba tisa."

Nilicheka nikiwa nimeinamia chini ili asione. Mama naye alikuwa na lake. Akirudi jioni na ndoo yake alisimama mlangoni akisema, "Wenzio wanalima majani ya kula. Wewe unalima majani ya kukalia." Lakini kokoto alinisaidia kuzibeba, na maji ya kufulia hakuyamwaga tena, aliniachia kwenye beseni.

Mbegu ya ukoka niliipata kwenye nyumba moja ya wageni. Nilipita getini kwao siku tatu bila kuingia, maana nilimwona mzee wa bustani akikata kingo na kutupa, na sikujua nianzeje kusema. Siku ya nne ni yeye aliyeniita.

"Binti, unatafuta kazi au unamtafuta mtu?"

"Hayo majani," nikasema.

"Majani haya? Chukua. Nilikuwa nayachoma."

Akanijazia kiroba, akanionyesha. Unakata kipande cha urefu wa kidole chenye vifundo viwili au vitatu. Unafukia kifundo kimoja, kingine unakiacha juu. Unaruka shubiri moja, unafukia kingine. Kisha unakanyaga. "Ukoka haufi," aliniambia, "labda uufuate mpaka kwenye mizizi kwa makusudi." Niliondoka nikiwa na furaha kwa maneno hayo. Kiroba nilikibeba kichwani njia nzima, watu wakifikiri ni chakula cha mbuzi.

Mvua zilipoanza nilipanda. Nilisawazisha udongo kwa ubao, nikachanganya samadi ya mbuzi wa jirani na majivu ya jikoni, nikafukia vifundo mstari kwa mstari. Ilinichukua wiki mbili na safari tano za kiroba. Wiki ya tatu nikaona kijani. Mwezi wa pili ukoka ulikuwa umetambaa ukashikana, na mwezi wa tatu ulipoanza, robo tatu ya eneo lile ilikuwa imefunikwa. Nilikuwa nakata kwa mkasi wa mama wa nguo. Sijawahi kufanya kitu watu wakakitazama vizuri, lakini hiki hata yule dereva alikitazama akanyamaza.

Siku niliyomtoa baba, nilimvua kandambili. Alikanyaga akasimama muda mrefu, vidole vya mguu mzima vikijikunja kwenye majani. Akasema, "Pana ubaridi." Nikamshika mkono. Tulikwenda hatua nne. Kesho yake sita. Siku ya tano tulifika kumi na moja, na katika hizo alianguka mara moja, akakaa kwenye majani hana hata mchubuko. Mimi nilisimama juu yake naogopa. Yeye akasema tu, "Nipe mkono." Goti la kulia lilikuwa limeanza kukunjika lenyewe. Nililiona kwa macho yangu, sikuambiwa.

Wiki hiyo hiyo bibi alikuja kumwona mwanawe.

Bibi amezeeka lakini hakai. Maisha yake yote amelima kahawa na mahindi Hasamba. Jioni aliyofika alinywa chai, akazungumza na baba kwa Kinyiha, kisha akatoka mlango wa nyuma akasimama, mikono kiunoni. Nikamfuata na kigoda.

"Huu ukoka umewaingilia lini?" akaniuliza.

"Tangu mvua za kwanza, bibi."

"Na ninyi mmekaa mnauangalia?"

"Ndiyo, bibi. Tunauangalia kila siku."

Akanitazama. Akatikisa kichwa, akacheka kidogo bila meno. "Watoto wa mjini ninyi. Kesho nitawasaidia."

Nikamwambia asante. Hilo ndilo nililosema, asante. Nilidhani ameona tunavyoutunza, na kwamba kesho atanisaidia kumwagilia au kumshika baba mkono wa pili. Ningeweza kumweleza habari ya daktari na mguu, maneno matatu tu yangetosha. Lakini mbele ya mtu mzima mimi hujibu ninachoulizwa, basi.

Asubuhi mama alivuka mapema. Bomba la mtaani lilikuwa limefunguliwa, na likifunguliwa lazima uwahi, kwa hiyo nilichukua madumu nikaenda kupanga foleni. Nilikaa huko mpaka jua likapanda. Niliporudi nilisikia jembe kabla sijafika mlangoni.

Kwa mtu wa kahawa ukoka ni adui. Unaingia chini ya miche unanyonya kila kitu, na kipande cha kidole kikibaki kinaanza upya. Hilo bibi analijua kuliko yule mzee wa bustani. Kwa hiyo hakulima juu juu. Alikuwa amepiga jembe mpaka chini, akapindua, akakung'uta udongo, na mizizi yote akaikusanya kwenye lundo karibu na jiko la nje. Lundo lilikuwa linafuka moshi. Eneo lote lilikuwa jekundu, laini, limevunjwavunjwa vizuri kabisa. Alikuwa amebakiza kona moja tu, yenye mnavu uliojiotea, kwa kuwa mnavu ni mboga.

"Somo," akaniita hivyo kwa kuwa nina jina lake, anafuta jasho kwa khanga, "mlikuwa mmelaza udongo mzuri hivi. Nimekuja na mbegu ya maharage."

Nilitua madumu. Nikaenda kumletea maji ya kunawa.

Baba alikuwa amekaa kitandani, na dirisha la chumba chake linatazama nyuma. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Baba, ulimwona?"

"Nilimwona."

"Tangu alipoanza?"

"Tangu alipoanza."

"Mbona hukumwambia aache?"

Midomo yake ikatafuta neno kama inavyofanya tangu augue. Nilifikiri atasema mama yake hakatazwi, au sauti haikufika. Angesema hivyo ningeamini. Akasema, "Nimechoka, mama. Kila siku kuanguka. Kila siku unanitazama kama nitafanya kitu." Akageuzia uso ukutani. "Sasa tupumzike."

Kwa hiyo hata kama bibi asingelima, sijui kama baba angeendelea kutembea. Hilo ndilo linalonikaa moyoni. Mimi nilikuwa nahesabu hatua, yeye alikuwa anahesabu kuanguka, na tulikuwa tumeshikana mkono.

Mama alipojua jioni alikaa chini kwenye kizingiti na ndoo yake mapajani. Hakumwambia bibi kitu, wala mimi sikumwambia. Bibi alipanda maharage yake siku iliyofuata, mistari iliyonyooka, akarudi Hasamba ameridhika kwamba ametuokoa. Maharage yaliota vizuri sana. Yule dereva aliniambia, "Sasa hivi ndiyo umelima." Tuliyala mwezi wa sita. Yalikuwa matamu, na baba aliomba aongezewe.

Sasa ni kiangazi, upepo na vumbi la malori. Nilirudi kwa mzee wa bustani, akanipa kiroba kingine. Nimepanda ukanda mwembamba kando ya ukuta, upana wa mtu mmoja. Vifundo vingi vimekauka. Maji ya beseni hayatoshi, na ndago imerudi kwenye mistari ya maharage kama haikuwahi kuondoka. Baba hatoki. Jana nilimkunja goti kama daktari alivyofanya, likakataa katikati, akasema naliumiza. Nilipoliachia lilibaki vile vile, halikunyooka wala halikukunjika. Kwa daktari sijamrudisha. Naogopa atalishika goti hilo, kisha anitazame mimi.

Ndiyo maana nimeandika. Kama kuna msomaji aliyewahi kuukuza ukoka kiangazi bila maji ya bomba, naomba aniandikie alifanyaje. Na kama kuna aliyekuwa na mzazi aliyekataa kusimama, kisha akasimama, naomba huyo aniandikie kwanza, hata mistari miwili. Aeleze alimwambia nini, kwa maneno yale yale, maana mimi maneno hunipotea. Mpeni barua huyo aliyewafikishia karatasi hizi, itanifika. Nasoma polepole lakini nitaisoma yote.