Jedwali Lisilo na Doa

Karani wa maabara hupangusa kioo cha kompyuta kwa mkono wa shati kila amalizapo mstari, na kosa likitokea kwenye jedwali lake husonya kama aliyekanyagwa kidole. Leo nimemuuliza majibu ya damu ya dada yangu, aliye kitandani wiki ya tatu. "Yuko sawa, ndugu yangu. Ona." Nikamlazimisha alibonyeze hilo neno SAWA kando ya jina la dada. Fomula aliyoiamuru kompyuta ikajitokeza: tafuta namba ya mgonjwa kwenye orodha ya majibu, isipopatikana, badala ya kuonyesha kosa, andika SAWA.

"Kumbe hata hamjampima!" nikafoka. "Mficha maradhi kifo humuumbua, nawe unaficha ya mwenzio!"

"Nisipoweka hivyo, jedwali litajaa makosa," akajibu kwa upole, akavuta mkono wa shati, akalipangusa vumbi jina la dada yangu.