Jipi Lililowalaza Akina Mama wa Makobola

Saa moja asubuhi, injini ikiwa bado baridi, fundi Thaddée amelala chali chini ya jipi kuukuu mtaani Kalundu, Uvira.

"Washa, Papa Sévère! Lakini usikanyage sana, haiko mashindano."

Dereva anawasha. Fundi anaziba mdomo wa bomba la moshi kwa tambara lililolowa, kisha anatega sikio. Moshi ukikosa njia ya nyuma, hufoka penye ufa. Anapaka sabuni kwenye kiungo kimoja, chini ya kiti cha abiria wa nyuma. Povu linaruka: moshi unavujia hapo.

Jipi hili huwaleta akina mama wa Makobola, kusini mwa mji, wanaokuja kujifungua Uvira. Watu walilipenda, wakaliita Bembeleza, kwa kuwa kila aliyepanda alisinzia.

"Minye nilikuwa nafurahi," anasema Sévère. "Nilisema bamama banalalaka sababu naendesha muzuri."

Wiki iliyopita, Marie-Rose, mwenye mimba inayokaribia miezi tisa, alirudi Makobola na Bembeleza kutoka kupimwa Uvira. Alipoteremka tu, kizunguzungu kikamwangusha. Alidhani ni malaria. Thaddée, aliyekuwa akipita huko, alimwinua, akamkalisha penye upepo, akamtafutia maji. Kitenge chake kilinuka moshi wa gari.

"Ile haiko usingizi, mama," alimwambia. "Ni moshi. Iko inakuua, na weye unashukuru dereva!"

Leo Marie-Rose ameanza kusikia uchungu, naye anangoja huko Makobola kuchukuliwa. Sévère hatulii.

"Funga na waya, twende!"

"Waya inashikaka mpaka kona ya kwanza. Kama una haraka, mubebe na mugongo."

Sévère anacheka bila kupenda. Thaddée, aliyejifunza kuunga vyuma kwenye boti za mizigo, anakata kipande kilichooza, anaunga kingine kutoka gari lililokufa, anaziba na tundu la sakafuni lililoingiza moshi ndani. Anapaka sabuni tena. Safari hii povu limetulia.

Angeweza kuosha mikono na kwenda kunywa chai. Badala yake anapanda nyuma, mahali atakapokaa Marie-Rose, anafunga vioo kama abiria wanavyofanya kwa sababu ya vumbi, na kwenda hivyo mpaka Makobola. Hakuna aliyemwomba. Anafika akiwa macho, kichwa hakimuumi.

Wakati wa kurudi, Marie-Rose analalamika njia nzima.

"Sévère! Hii njia iko na mashimo hivi tangu lini?"

"Tangu zamani, mama. Ulikuwa unalala."

Marie-Rose anacheka, anajishika kiuno, anamwambia anyamaze na aendeshe. Kwenye mlango wa wodi ya wazazi anateremka kwa miguu yake.

Thaddée anamshikia mfuko mpaka muuguzi anapotoka. Sasa anataka kukagua majipi yote ya barabara ya Fizi, moja kila Jumamosi, bila malipo. Ataanza na la shemeji yake, Basile.

"Atanitukana kwanza," anasema. "Si kitu. Dada yangu ndiye anakalaka nyuma."