Mzee na Mkaza Mwana Kwenye Kioo Kimoja

Miaka ile ya Wajerumani mimi ndiye niliyebeba kamera ya mchungaji wetu wa misheni pale Matema. Kupiga picha alikwisha kunifundisha, lakini kuniachia peke yangu, thubutu! "Kamera unaijua," aliniambia, "watu bado." Nilikasirika. Mzungu ndiye wa kunifundisha mimi watu wa kwetu?

Basi akaja kijana mmoja wa Mwaya, anakwenda kutafuta kazi pwani. Baba yake alikuwa mzee sana, huenda akirudi asimkute tena. Akaomba picha moja tu ya kusafiri nayo: baba yake pamoja na mke wake yeye kijana. "Namna utajua wewe, fundi," akaniambia. Mchungaji akanipa vioo viwili vya kutia ndani ya kamera, kila kimoja cha picha moja. "Ukiviharibu, utabeba sanduku tu maisha yako yote."

Kichwa kikanivimba, jamani. Nikapanga vigoda viwili ukutani, nikamwita mzee, nikamwita na mkaza mwana wake. Mimi, Mnyakyusa wa kuzaliwa, nikasahau kwamba kwetu mke wa mtoto haonani na baba mkwe hata njiani! Kumwona tu mzee, yule binti akajifunika nguo, akatimua mbio migombani. Mzee naye akageukia ukuta. Nami nilikwisha kufungua kamera: kwenye kioo ukabaki mgongo wa mzee na ukungu wa binti akikimbia. Nilitamani ardhi inimeze.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Safari hii nikawawaza watu kwanza. Nikaziba nusu ya kioo cha pili kwa karatasi nyeusi ndani ya kamera. Mzee akaketi kigoda cha kushoto, nikampiga, akaenda zake mpaka ng'ambo ya kijito. Nikahamishia karatasi upande wa pili, kamera isisogee hata kidogo. Ndipo nikamwita binti, akaketi cha kulia, ametulia kabisa.

Picha ilipokauka mchungaji aliigeuza huku na huku akitafuta mahali nilipounga. Hakupaona! Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Nilimkabidhi kijana peke yake, maana kati yao watatu ni yeye tu aliyeruhusiwa kuwatazama wote wawili. Machozi yalimtoka.

"Ndaga fijo, asante sana," akasema. "Tangu nioe, sijapata kuwaona hawa wamekaa pamoja."