Kadi Yangu, Ugonjwa wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipokubali kuacha unga wa kulevya, nilimpa kadi yangu ya bima ya afya akatibiwe, maana yeye hana na sura zetu zinafanana. Nikajiona mjanja kuliko Ujiji nzima.

Juzi, bandarini Kigoma, nilikuwa nimeshapakia wakimbizi kwenye basi niwapeleke kambini. Akaja muuguzi wa kliniki anakotibiwa mdogo wangu, ameongozana na bosi wangu, akaniita kwa jina.

"Kaka, siku tatu hujaja kunywa dawa ya kuacha unga. Halafu unaendesha basi la abiria?"

Mama mmoja Mrundi akashuka na mwanawe. Bosi akanyoosha mkono, anataka funguo.

Nikakiri yote.

Muuguzi akanitazama sana. "Tiba ile ni bure, kaka. Angekuja na jina lake tu."