Moto wa Konde la Mtende

Dada yangu Mize alinipigia simu nikiwa cherehanini kwangu, Kikwajuni. "Njoo kijijini, Mtende. Mjomba anataka kuchoma konde lake apate kulima, na kila kitu kimekauka. Sisi tushasema mpaka tumechoka. Wewe amekulea yeye, labda atakusikiliza."

Mize na wanawake wenzake wanalinda msitu wa kijiji tangu moto wa konde moja ulipouvamia, ukala miti na kukaribia nyumba za makuti.

Asubuhi nilipanda gari ya abiria ya shamba. Baada ya Jozani, ardhi ya mawe ilipoanza, utoto wangu ulinijia. Kipande cha mwisho tulikuwa tukikwenda kwa miguu, mimi na Mjomba Haji, miti ikikutana juu ya vichwa vyetu. Akinichumia mabungo, tukala huku ukali wake ukitukunja nyuso. Paa akikatiza njia, Mjomba hunishika bega ninyamaze. Mara hii niliona jua tupu na visiki vyeusi.

Adhuhuri nilimkuta Mjomba barazani kwake, ananoa panga.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Wamekuita uje unizuie?"

"Naam."

Akacheka. "Baba yangu kachoma, babu yangu kachoma. Nsipolima ntakula mawe?"

Mimi mwenyewe nimekuzwa kwa mihogo na kunde za konde hilo. Nikamwambia, "Sikuja kukukataza kulima. Nataka unipeleke tulipokuwa tukichuma mabungo."

Alasiri tulikwenda. Alitangulia kwa haraka, kisha akapunguza mwendo, akasimama. Akageuka huku na huku kama aliyepotea mtaani kwake. Nikamwonesha kijiwe tulichokuwa tukikalia.

"Ndipo hapa?" aliuliza.

"Ndipo."

Aliweka kiganja chake juu ya kisiki kilichoungua. "Moto ule haukuwa wangu," alisema mwishowe. "Lakini ungeweza kuwa wangu."

Jioni akawaita Mize na wenzake. "Konde ntalima. Lakini tusafishe ukingo wote kwanza, majani tuyarundike katikati, tuwashe asubuhi upepo umelala. Na nyote muwepo."

"Na ukiamka upepo?" Mize aliuliza.

"Hatuwashi."

Kulipokucha tulikuwa kondeni na ndoo za maji na matawi mabichi. Ukingo ulikuwa mweupe, tumeufagia usiku kucha. Mjomba alishika kibiriti, na papo hapo majani yakaanza kutikisika. Sote tulimtazama. Mvua za masika zilikuwa karibu, na kila siku ya kungoja ilimuuma. Akakitia kibiriti mfukoni. "Leo hapana. Rudini majumbani."

Mchana nikarudi mjini. Nilikwenda nikidhani nitamshinda kwa maneno. Kumbe alihitaji mtu wa kutembea naye, apaone mwenyewe palipokuwa petu. Nilipokuwa mtoto yeye ndiye aliyenitembeza.

Siku chache baadaye Mize alinipigia: wamechoma, na hakuna cheche iliyovuka ukingo. Nikaomba kuzungumza na Mjomba.

"Sina wasaa, mwanangu," alisema, pumzi zikimpanda. "Nnakwenda kijiji cha pili. Yuko mzee mwenzangu anataka kuchoma na upepo huu. Nataka nimtoe nyumbani kwake, ntembee naye kidogo."