Goti la Babu

Jana, katika duka moja la Kilindoni, muuzaji alifungua chupa ya mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu, nami nikasimama pale nikinusa.

Mafuta kama hayo ndiyo niliyokuwa nikimchulia babu goti kila alasiri, nilipokuwa msichana mdogo. Goti lilitenguka enzi za Waingereza, alipocheza mpira pekupeku dhidi ya timu ya Bwana DC, asubuhi ya siku ya harusi yake. "Tuliwafunga mawili!" alizoea kutuambia.

Siku moja alisinzia nikiwa namchua. Nikamnong'oneza bibi, "Ulikasirika alipokuja harusini anachechemea?"

"Nilikasirika sana, mjukuu wangu. Tulipobaki wawili, akalia kama mtoto. Ni wao waliofungwa, tena matano. Hajamwambia mtu ila mimi."

Babu akafumbua macho. "Mnateta nini?"

Bibi akainamia ukili aliokuwa akisuka. Nikawahi kujibu mimi.

"Tunasema mlivyowafunga wale wazungu, babu."

Akacheka, akajiinua, akaanza kuisimulia mechi upya tangu mwanzo. Safari hii aliongeza bao la tatu, nasi tukampigia makofi.